Uzee na kifo katika ushairi wa Kiswahili na nyimbo za Nyanda za Juu za Kusini

Uzee na kifo katika ushairi ni mada inayohusu namna tungo zinavyomchora mtu aliyezeeka, anayeugua au anayekaribia kufa, na namna zinavyomlilia akishakufa. Makala hii inahusu hasa Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, yaani mikoa ya Mbeya na Iringa pamoja na Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Katika eneo hilo yamekutana mapokeo mawili. Ya kwanza ni tenzi na mashairi ya Kiswahili, yaliyotoka pwani na kufika bara kwa njia ya vitabu, magazeti, redio na shule. Ya pili ni nyimbo za kilio za Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa, Wasangu na majirani zao, zinazoimbwa msibani kwa lugha za mama na ambazo kwa sehemu kubwa hazikuandikwa. Yapo mengi yanayoyatofautisha, lakini kubwa ni msemaji. Katika tenzi mashuhuri za pwani anayesema ni yule anayekaribia kufa: anausia, anajihoji, anaaga. Katika wimbo wa kilio anayesema ni yule anayebaki. Msomaji akilishika hilo ataelewa kwa nini uzee unaonekana kwa sura mbili tofauti sana, hata pale ambapo maneno yanayotumika yanafanana.

Maneno na tanzu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Washairi hawahesabu hivyo. Wao wanahesabu kwa mwili: mvi, meno yaliyong'oka, macho yenye ukungu, magoti yasiyokunjika, mkongojo. Lugha yenyewe imewawekea akiba ya maneno. Aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Mwanamke mkongwe ni ajuza, mwanamume ni shaibu, na kikongwe ni yeyote kati yao aliyefikia ukingo wa maisha. Maneno ajuza na kikongwe hayana heshima sawa na neno mzee. Mtu humwita baba yake mzee hata kama ana miaka 45, lakini akimwita kikongwe mbele ya watu atakuwa amemkosea adabu. Mshairi anayechagua moja kati ya maneno hayo tayari ameshatoa hukumu yake juu ya mhusika.

Tungo zinazogusa kifo zina majina yake pia. Mbolezi ni wimbo wa kuomboleza unaoimbwa kwenye kilio, mazikoni au katika siku za matanga. Tanzia ni taarifa ya kifo, na hutumika pia kwa shairi linalotangaza kifo na kumsifu marehemu. Rambirambi ni maneno ya kuwafariji wafiwa, na magazeti ya Kiswahili yamekuwa yakiyapokea kwa umbo la shairi kwa miaka mingi. Wosia ni maneno ya mwisho ya mzazi au mkubwa kwa wanaobaki. Wosia si lazima uwe shairi, ila baadhi ya tenzi bora za Kiswahili ni wosia.

Anayekufa akisema: tenzi za pwani

Mfano unaojulikana zaidi ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa visiwa vya Lamu, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa ameshafariki, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Utenzi huo wa beti zaidi ya 100 unaanza kwa mama kumwita binti aje na vifaa vya kuandikia. Kisha yanafuata mafundisho juu ya dini, adabu, nyumba na mume, na mwishoni dua ndefu.

Wasomaji wengi huusoma kama utenzi wa mafunzo ya ndoa, na mabishano juu yake huishia hapo: je, unamkandamiza mwanamke au unamlinda? Swali hilo ni halali, lakini linaficha jambo la wazi kwamba utenzi mzima unasemwa na mtu aliye kitandani. Mama anatoa maagizo ya nyumbani kwa sababu hatakuwepo kuyarudia. Mambo madogomadogo ya kupanga nyumba na kumhudumia mtu yanakuwa na uzito wa maneno yasiyoweza kurudiwa, na pale anapomkumbuka marehemu mumewe, mafundisho yanageuka kuwa kumbukumbu za mjane. Kifo chenyewe hakielezwi. Hakuna kaburi wala sanda katika mafundisho hayo. Kinachoonekana ni haraka ya mama.

Al-Inkishafi, iliyotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19 au muda mfupi kabla yake, inafuata njia nyingine. Humo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukaripia kwa kuing'ang'ania dunia, na kuuonyesha magofu ya Pate: majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa na mazulia sasa yamebaki makao ya popo. Mji ndio uliozeeka hapa. Mwili wa mtu unasomwa kupitia kuta zilizobomoka, na baada ya kuta linakuja kaburi, na baada ya kaburi hesabu ya Akhera. Ni utenzi wa mtu anayejifanyia tanzia akiwa hai.

Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, una mandhari ya kifo isiyosahaulika katika fasihi ya Kiswahili. Liyongo, shujaa asiyeingia silaha, anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti akiwa na upinde wake, na hapo anakufa. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Liyongo hakufikia uzee, na maneno yake ya mwisho si wosia. Utenzi huu unafaa kukumbukwa msomaji atakapofika Iringa, ambako kuna shujaa mwingine aliyekufa akiwa bado anaogopwa.

Kwa kulinganisha, shairi mashuhuri la Dylan Thomas wa Wales kwa baba yake, la mwanzoni mwa miaka ya 1950, linageuza mpangilio wa Mwana Kupona: mtoto ndiye anayemsemesha mzazi, akimtaka asikubali kufa kirahisi. Katika tenzi za wosia za Kiswahili ombi la namna hiyo lingeonekana ajabu. Mzazi ameshakubali, naye ndiye anayewatuliza wengine.

Anayebaki akisema: mbolezi za Wanyakyusa

Ukitoka pwani kwenda Rungwe na Kyela, sauti inahama kutoka kitandani kwenda uani. Maelezo ya kina kuhusu misiba ya Wanyakyusa yaliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi kati yao kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Godfrey alichapisha mwaka 1939 makala juu ya taratibu za mazishi. Monica, baada ya kifo cha mumewe, alitoa vitabu kadhaa, kikiwemo kile cha mwaka 1957 kuhusu ibada za ukoo.

Katika misiba waliyoiona, wanawake walikusanyika kuuzunguka mwili wakilia kwa sauti, huku wanaume wakichimba kaburi karibu na nyumba. Baada ya maziko ngoma ilianza. Vijana walicheza na mikuki, kwa nguvu na kwa hasira, na wazee walimweleza Wilson kwamba huzuni na hofu ya kifo huamsha ndani ya mtu kitu kinachofanana na vita. Zamani michezo hiyo iliweza kuzaa mapigano ya kweli. Lakini kadiri siku zilivyokwenda uchezaji ulilegea, vicheko vikaingia, na wavulana na wasichana wakaanza kutazamana. Msiba ulioanza kwa kilio uliishia kwa uchangamfu, na hakuna aliyeona kwamba marehemu amedharauliwa.

Mbolezi huishi ndani ya mpangilio huo, na ndiyo maana ni vigumu kuisoma kama shairi la kwenye karatasi. Ina kiongozi na waitikiaji. Humwita marehemu kwa jina au kwa cheo cha undugu: baba, mama, bibi, mjomba, mtani. Humuuliza maswali asiyoweza kuyajibu, kwa mfano amewaachia nani watoto, au kwa nini ameondoka kimyakimya. Husimulia alichokifanya, nani alimlea, ng'ombe gani alimpa nani. Mara nyingine hukilaumu kifo chenyewe kana kwamba ni mtu mwenye tabia mbaya. Muundo huu unapatikana katika jamii nyingi za Kibantu, si za Mbeya na Iringa peke yake. Kinachobadilika ni ala, mwendo wa ngoma, na nani anaruhusiwa kuanza kulia.

Kwa mzee, mbolezi inapata sura ya pekee. Mazishi ya mzee mwenye ng'ombe na wajukuu wengi yalivuta umati, na wanyama wengi walichinjwa, ilhali mtoto mchanga alizikwa na wachache bila ngoma. Mzee aliyeshiba siku hakuondoka moja kwa moja. Alikwenda kwa abasyuka, yaani wahenga waliokuwa wakiaminika kukaa chini ya ardhi na kuwatembelea walio hai kwa ndoto. Kwa mujibu wa Monica Wilson, ibada za mazishi zilifanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Kwanza zilimtoa marehemu mawazoni mwa wafiwa, ili asiwajie kwa kutisha. Baadaye zilimrudisha nyumbani, kwenye joto la jiko, akiwa mhenga mwema. Katikati ya mambo hayo wafiwa waliigiza wendawazimu kwa makusudi, kwa imani kwamba anayeuigiza hataupata kweli. Ni sehemu ya huzuni ambayo tenzi za pwani, zenye utulivu wa wino na karatasi, haziigusi.

Uzee kama zamu

Wanyakyusa walikuwa na namna yao ya kuuona uzee, inayojulikana kwa watafiti wengi kwa sababu ya vijiji vya rika. Wavulana wa umri mmoja waliondoka kwa wazazi wakiwa bado wadogo na kujenga kijiji chao. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambayo kwayo wana wa chifu walikabidhiwa nchi. Moto wa zamani ulizimwa majumbani na mpya ukapekechwa. Kizazi cha baba kilisogea pembeni, na chifu mzee alitarajiwa kufa muda si mrefu baada ya hapo.

Kwa Lwembe, mtawala mtakatifu ambaye makao yake ya ibada yalikuwa Lubaga karibu na Tukuyu, jambo lilikuwa kali zaidi. Wazee waliomsimulia Monica Wilson walisema kwamba Lwembe alipougua sana hakuachwa afe mwenyewe. Wakuu wa vijiji walimziba pumzi, na kucha na nywele zake zilichukuliwa kabla hajakata roho, kwa sababu afya ya mwili wake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi: mvua, mazao, uzazi. Kwa hiyo cheo hicho hakikugombewa. Simulizi zinasema waliostahili kurithi walikimbia. Kyungu wa Wangonde, ng'ambo ya mto Songwe katika Malawi ya leo, anasimuliwa kwa namna hiyohiyo.

Katika masimulizi hayo hakuna kitanda cha wosia. Anayekufa hapewi nafasi ya kusema neno la mwisho, kwa sababu pumzi yake si mali yake. Mwanafunzi anayetafuta katika nyanda hizi utenzi kama wa Mwana Kupona asishangae akiukosa kwa watawala wa kale.

Hata hivyo neno la mzee wa kawaida lilikuwa na nguvu kubwa. Baba au mjomba aliyekuwa na kinyongo alitakiwa kukisema wazi mbele ya ndugu na kupuliza maji ili baraka ishike. Mzee aliyekufa na kinyongo chake moyoni aliogopwa zaidi ya aliyekufa akigomba. Hapo ndipo penye kitu kinachokaribiana na wosia wa pwani, ila hakikutungwa kwa vina na mizani.

Iringa: kifo kisicho na kaburi moja

Kifo kilichosimuliwa sana Uhehe ni cha Mkwawa. Baada ya jeshi lake kulishinda jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani walirudi na kuiteka ngome yake ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa aliishi porini karibu miaka minne akiwindwa, na zawadi ya fedha iliwekwa juu ya kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na wawindaji wakiwa karibu, alijipiga risasi. Alikuwa bado mtu wa makamo. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi kwa Wahehe, wakiongozwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Fuvu limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na kaburi la mwili liko Mlambalasi.

Kwa mbolezi hilo ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana. Wimbo wa kilio humsemesha aliyelala hapa. Marehemu aliyegawanywa, ambaye sehemu yake moja ilikaa nje ya nchi kwa zaidi ya miaka 50, hawezi kusindikizwa mara moja yakaisha. Labda ndiyo sababu kumbukumbu ya Mkwawa imeendelea kuimbwa na kuigizwa. Mugyabuso Mulokozi alimtungia tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, na jina lake limebaki kwenye shule na kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mjini Iringa. Kama Liyongo kisimani, shujaa huyu anaendelea kusimuliwa kama mtu ambaye maadui hawakuwa na hakika naye hata alipokufa.

Wahehe wana pia ligombo, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa mfano wa mtumbwi mdogo. Mpigaji hukaa peke yake na kuimba kwa sauti ya chini sifa, historia na huzuni. Ni sanaa ya mtu mzima, isiyohitaji magoti yenye nguvu wala umati wa waitikiaji. Ukilinganisha na ngoma ya mikuki ya Rungwe, ligombo liko karibu zaidi na shairi la faragha.

Watani msibani

Mgeni anayefika kwenye msiba Iringa au Njombe huweza kushtuka akiona mtu anachekesha. Huyo ni mtani. Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali katika miaka ya 1870 na 1880, ni watani, na utani wa aina hiyo uko kati ya makabila mengi ya Tanzania. Mtani anaweza kuigiza mwendo wa marehemu na mkongojo wake, kukohoa kama yeye, kulalamikia ubahili wake, au kuzuia jeneza mpaka alipwe. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika.

Babu na mjukuu nao ni watani. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake mke wangu, na babu humwita mjukuu huyo mume mwenza. Kwa hiyo picha ya kwanza ya uzee anayoipata mtoto wa nyanda hizi haitoki kwenye shairi la huzuni, inatoka kwenye mzaha: babu asiye na meno anayetishiwa kunyang'anywa mke. Ni ushairi wa papo kwa papo, na haupatikani katika vitabu kwa sababu ukiandikwa unapoa.

Kanisa, kwaya na wasifu wa marehemu

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Akina Wilson walikuta Wakristo wa miaka ya 1930 wameacha ngoma za mazishi na badala yake wanaimba nyimbo za dini. Mabadiliko hayo yalibadili pia msemaji. Tenzi za kanisa za maziko mara nyingi husema kwa nafsi ya kwanza: anayeimba ni msafiri anayekwenda nyumbani. Kwa njia hiyo sauti ya anayekufa, ambayo pwani ilikuja na utenzi, ilifika Rungwe kwa mlango mwingine. Mhubiri naye hupenda sura ya 12 ya kitabu cha Mhubiri, shairi la kale linaloufananisha mwili wa mzee na nyumba inayochakaa, madirisha yake yakififia na walinzi wake wakitetemeka. Wanafunzi wanaotafuta mfano wa istiara iliyoendelezwa wanaweza kuanza hapo.

Wamoravian walikuwa na desturi moja zaidi, iliyotoka Herrnhut nchini Ujerumani: muumini aliandika mwenyewe historia ya maisha yake ili isomwe siku ya kuzikwa. Leo karibu kila msiba nchini Tanzania, wa dhehebu lolote, una kipengele cha kusoma wasifu wa marehemu, ingawa kwa kawaida huandikwa na watoto usiku wa kuamkia maziko. Tarehe ya kuzaliwa, shule, ajira, ugonjwa ulivyoanza, hospitali alikopelekwa, saa aliyokata roho. Ni utanzu mkavu kwa sura. Anayesikiliza kwa makini husikia ndani yake mpangilio wa mbolezi uliovaa suti.

Karne ya 20: Shaaban Robert na Kezilahabi

Vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa katika shule za Mbeya na Iringa vilileta sauti mbili za kisasa. Shaaban Robert (1909–1962) aliendeleza wosia: Utenzi wa Hati ni maneno ya baba kwa binti yake, na Utenzi wa Adili ni kwa mwanawe wa kiume, kwa namna inayomkumbusha msomaji Mwana Kupona. Aliandika pia shairi la kumlilia mkewe Amina, ambalo ni kati ya tanzia zinazosomwa sana katika Kiswahili. Maisha yake aliyaandika kwa mafungu mawili, la pili likiitwa Baada ya Miaka Hamsini. Hakufikia uzee anaotambua sera ya leo. Alifariki akiwa na miaka 53.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, alikuja na Kichomi mwaka 1974, diwani iliyozua mabishano kwa sababu haikufuata vina na mizani. Mabishano hayo yamefanya wengi wasitazame mada. Kwa Kezilahabi kifo hakina Akhera ya uhakika mbele yake wala wahenga chini yake. Mtu anakitazama akiwa peke yake, na swali linarudi kwenye maana ya kuishi. Mwanafunzi wa Rungwe aliyemzika babu yake kwa ngoma na kwaya anaweza kuuona upweke huo kuwa mgeni zaidi kuliko umbo la beti.

Wazee wanaozika watoto

Mapokeo yote yaliyotajwa yanategemea mfuatano mmoja: mtoto humzika mzazi. Tangu miaka ya 1980 UKIMWI uliupindua mfuatano huo, na nyanda hizi ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004, maelfu ya bibi na babu walikuwa wameshageuka kuwa walezi wa wajukuu.

Hapo lugha ya mbolezi ilikwama. Swali la nani ameachiwa watoto liliulizwa na mtoto kwa mzazi, na jibu lake la kimya lilikuwa bibi na babu. Sasa anayeliuliza ni bibi mwenyewe, na jibu ni yeye. Wosia nao unakosa wa kuupokea, kwa kuwa kati ya mzee na mjukuu wa miaka sita hakuna mtu wa makamo. Pengine hali hiyo ndiyo iliyopaswa kuzaa tenzi kubwa za nyanda hizi, lakini kilichopatikana zaidi ni nyimbo za kwaya na maigizo ya uhamasishaji, ambayo humfundisha kijana ajikinge na kumwacha bibi nyuma ya jukwaa.

Hali ya kumbukumbu na masomo

Katika shule za sekondari mada ya kifo na uzee hujitokeza ndani ya uhakiki wa diwani zilizoteuliwa, na karibu zote ni za washairi wa pwani, visiwani au Kanda ya Ziwa. Mbolezi hufundishwa kama tawi la fasihi simulizi, mara nyingi kwa fasili na sifa chache bila wimbo wenyewe. Ugumu mmoja ni wa maandishi: Kinyakyusa kina historia ndefu ya kuandikwa tangu enzi za wamisionari, lakini lugha kadhaa za jirani zilipata tahajia zilizokubaliwa tangu miaka ya 2000 tu, kwa kazi ya wataalamu wa lugha wenye makao Mbeya mjini. Ugumu mwingine ni adabu. Wimbo wa kilio nje ya msiba huhesabiwa kuwa mkosi, na mwanafunzi anayemwomba bibi yake amwimbie mbolezi sebuleni huweza kuulizwa ni nani amekufa.

Wanaokusanya nyimbo hizo kwa hiyo hulazimika kuwa msibani kwanza kama waombolezaji, na kurudi siku nyingine kuuliza maana ya walichosikia. Anayeandika huonyesha nani alianzisha wimbo, alikuwa na undugu gani na marehemu, marehemu alikuwa na umri gani, na kama uliimbwa kabla au baada ya kaburi kufukiwa, kwa sababu maneno yaleyale hubeba maana tofauti kwa mzee wa miaka 90 na kwa kijana. Baadhi ya rekodi za zamani za muziki wa Kihehe, zikiwemo za ligombo, zilifanywa na Hugh Tracey alipopita Iringa mwaka 1950. Zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda, Afrika Kusini.